Kitambaa Juu ya Kompyuta

Majirani zangu wa Area D walinicheka sana kwa kung'ang'ania mfumo wa Linux kwenye kompyuta yangu, na mimi niliwaacha wacheke. Kompyuta zao zilijaa virusi, yangu inapiga kazi. Ila diski yake ya ndani ilikuwa imezeeka, ilianza kugongagonga, na humo ndimo ilimokuwa sauti ya bibi.

Bibi alishafariki. Kilichobaki ni video ya sendofu ya dada yangu, bibi akiimba Kigogo. Niliiingiza kwenye kompyuta mapema, bahati nzuri, maana baadaye deki ya video iliutafuna mkanda wenyewe. Mama alitaka kumpelekea nakala mdogo wake kule Bahi, mgonjwa wa kitandani, ambaye sherehe ile hakuihudhuria. "Na usikate hata kidogo," alinionya. Basi nikaagiza Dar zile DVD kubwa zenye tabaka mbili, zinazobeba video nzima, maana madukani kwetu hazikuwapo. Zikaja mbili tu.

Nikaweka ya kwanza, nikaandika amri ya kunakili, asilimia zikaanza kupanda taratibu kwenye skrini nyeusi. Nikaenda kuoga. Kurudi, mashine imezima, ya moto, na juu yake kimetandazwa kitambaa cha kufuma cha mama, kimeshuka vizuri mpaka kwenye matundu ya feni.

"Mama! Nani kafunika hii?"

"Mimi. Huoni upepo huo? Kitu cha maana kama hiki unakiacha wazi, vumbi lote liingie?"

Nilifoka, nisiseme uongo. Nikamwambia mashine inapumua na yeye ameiziba pua, DVD ndiyo imeharibika, na diski ikigoma kuwaka basi bibi ndiyo tumempoteza mara ya pili. Mama akakaa kitako sakafuni. Hapo na mimi nikaogopa.

Tukaiacha ipoe. Nilipoiwasha iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena, halafu ikawaka. Jamani! Nikaweka DVD ya mwisho. Safari hii mama alivuta kigoda, akachukua ungo, akawa anaipepea huku ananisomea asilimia kwa sauti, hadi ikamaliza.

Tukaitazama yote, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Bibi aliimba, mama akalia. Karibu na mwisho upepo ukavuma uwanjani, watu wakakimbia na viti. Bibi akakatisha wimbo, akamfuata mpiga video huku anavua kitenge cha mabegani.

"We kijana, kitu cha maana hivi unakiacha wazi, na vumbi lote hili?"

Skrini ikawa nyeusi. Ikabaki sauti yake, karibu kabisa, inamwambia mtu ashike ile pembe nyingine ya kitenge.

Mama hakunitazama. Niliitoa DVD, nikaiweka kwenye kasha lake, kisha nikaokota kile kitambaa cha kufuma nikampa.

"Ifunike, mama," nikamwambia. "Njiani kuna vumbi."