Kalamu Iliyotaka Kimya

Nimechora mabango hapa Nakuru miaka kumi, lakini mwaka huu wa 2008 kalamu imeniaibisha. Bosi wangu, Harjit, alileta kalamu ya kupeleka michoro kwenye kompyuta, akaniambia kuna kidude kinachobanwa juu ya karatasi, kinaifuata kalamu kwa kusikia sauti yake. Nami nikaelewa nilivyoelewa. Nilizima redio na kuwakataza wateja hata kukohoa.

Jana akaja mjane kutoka Kabazi na picha ya wanaume wawili, akitaka nimchore mumewe kwa programu ya mazishi. Nilipoanza tu, akafungua mdomo.

"Mathe, tafadhali," nikamnong'oneza, "hii kalamu inasikia."

Mara tatu aliinua mkono, mara tatu nikaweka kidole mdomoni. Mwishowe akalia bila sauti, nami nikamshukuru moyoni.

Harjit akaingia akiongea na simu, akatushangaa. Nilipomweleza, akasema, "Sauti ya hiyo kalamu sikio la mtu haliisikii, na yetu haiisumbui. Ongeeni tu."

Mathe akapangusa macho. "Basi niseme. Mume wangu ni huyu mwingine. Huyo umechora ni ndugu yake, ako hapo nje ananingoja."