Seremala Asiye na Mtoto wa Kiume

Maliro seremala hakumwamini mtu aliyemsalimia mara mbili kwa siku moja. Salamu ya kwanza ni adabu, alisema. Ya pili, huyo ana lake jambo. Mji wao wa Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka ile ulikuwa mikononi mwa waasi waliogombana wao kwa wao, na wanamgambo wa Mai-Mai walikuwa wakishuka milimani na kupanda tena, kwa hiyo usingemlaumu sana. Hata hivyo majirani, ambao nao hawakuwa wepesi wa kuamini, walimcheka. Walisema Maliro hupima ubao, kisha humpima na mteja.

Mwaka ule mtu aliyemkosesha usingizi alikuwa mwalimu Kalala. Kalala alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, mtumishi wa serikali aliyetumwa Beni kabla ya vita na baadaye Butembo. Nchi ilipokatika vipande, serikali iliyomtuma ilibaki ng'ambo ya mpaka wa vita, na mshahara wake ukabaki hukohuko. Aliishi kwa michango ya wazazi na wala hakuzungumzia kurudi kwao. Hilo Maliro hakuweza kulimeza. Mtu mzima, mwenye akili zake, anakaa ugenini bila mshahara na bado anacheka na watoto wa watu? Lazima kuna anayempa chakula, na huyo anayempa chakula lazima anataka habari.

Ubaya wa mambo, Kalala ndiye aliyekuwa akimfundisha Kanyere, binti mkubwa wa Maliro. Kanyere alikuwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa mwisho, katika tawi la elimu ya jamii. Mbele yake ulikuwepo mtihani wa serikali, ambao maswali yake yalitoka Kinshasa hata vita vikiwaka. Katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kuufikia. Kanyere aliutaka mtihani ule kwa moyo wake wote, na baba yake alijua kuwa kumtoa shuleni ni kumvunja.

Basi akatafuta njia nyingine. Karo ya binti yake aliilipa kwa kutengeneza madawati, na kazi hiyo akaenda kuifanyia mlemle darasani, kwenye ukuta wa nyuma, masikio yakiwa wazi. Kila Kalala alipogeuka kutoka ubaoni kuwaeleza wanafunzi, randa ilinyamaza.

Siku moja somo lilikuwa juu ya familia. Kalala alichora pembetatu na miduara, akaiunganisha kwa mistari, akauliza Wanande, watu wa mji ule, wanawapaje watoto wao majina. Kanyere akasimama.

"Prof, kwetu jina linafuata kuzaliwa. Mutoto mwanamuke wa kwanza ni Kanyere, sawa miye. Wa pili ni Kavira. Na kama banaume balizaliwa mbele, kisha mwanamuke anakuja nyuma yabo, tunamuita Kahindo."

"Donc nikisikia Kahindo, ninajua kama kuko kaka mbele yake," alisema Kalala.

"Ndiyo, Prof."

Huko nyuma msumari ulimpindia Maliro mkononi. Alikuwa na binti mdogo nyumbani, na jina lake lilikuwa Kahindo. Na kaka alikuwepo kweli. Alikuwa Jacob, kijana ambaye kidevu chake kilikuwa kimeanza kuota ndevu, mwana wa kiume pekee aliyebaki baada ya mwingine kuzikwa akiwa mchanga. Maliro alikuwa amemficha kijijini Masereka kwa shemeji yake Ézéchias, kwenye mashamba ya viazi, kwa sababu mjini kijana wa umri ule alichukuliwa na wenye bunduki wa upande wowote. Majirani wote walijua, na wote walikubaliana kusema Maliro ana mabinti tu. Sasa binti yake wa kumzaa alikuwa amesimama darasani akimpa mtu wa Kasai ufunguo wa nyumba!

Jioni ile Maliro alipiga marufuku jina. Kuanzia leo, alisema, Kahindo ataitwa Godelive, jina lake la ubatizo, na asiitikie jingine. Kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo, akamfundisha kwa mchezo. Alimwita ghafla akiwa kwenye karakana: "Kahindo!" Akigeuka, ananyimwa muwa. Asipogeuka, anapewa kipande. Kisha akaongeza swali la pili: "Kaka yako iko wapi?" Jibu lilikuwa, "Miye sina kaka." Mtoto alipenda miwa, na hakuchelewa kujua.

"Papa, unamufundisha uongo," alisema Kanyere.

"Ninamufundisha kuishi. Weye endelea na pembetatu zako."

Haukupita muda, Kalala akawatuma wanafunzi kila mmoja kwenye mtaa wake, aulize watu: nyumbani mnaishi wangapi, nani anafanya kazi gani, nani anaamua. Maliro aliposikia alitangulia mbele ya binti yake, nyumba kwa nyumba, kama padri wakati wa Pasaka, akiwaonya wenyeji wasitaje vijana wa kiume. Mtaa mzima ukadanganya kwa furaha. Kanyere alirudi na majibu yake akilia kwamba atapata sifuri.

Kesho yake Kalala aliyasoma majibu hayo mbele ya darasa. Mtaa ule, alisema, una mabibi, akina mama, wasichana, na vitoto vya kiume vya kubebwa mgongoni. Kijana wa kiume hakuna hata mmoja. Wanafunzi wakacheka chini chini.

"Musicheke. Kanyere amefanya kazi muzuri," alisema Kalala. "Jibu la uongo nayo ni jibu. Batu banaficha kile beko nacho, na banakificha juu ya woga. Hiyo ndiyo tunasoma hapa."

Kanyere alikaa chini akitabasamu. Maliro alikusanya randa na misumari yake, akaondoka bila kuaga. Hakuwa na shaka tena. Mtu aliyeona mpaka ndani ya uongo wa mtaa mzima hawezi kuwa mwalimu tu.

Kwa hiyo askari mmoja wa waasi aliposimama mlangoni pa karakana asubuhi moja, Maliro alikuwa tayari.

"Papa, weye ni Maliro? Uko na mutoto mwanaume?"

Maliro alipuliza unga wa mbao kwenye randa. Alijisemea: si nilijua? Mwalimu amekwisha kuuza habari. "Hapana," akajibu. "Niko na babinti tu. Kanyere na Godelive."

Askari akawauliza majirani, na majirani wakaapa vilevile. Akaondoka. Maliro aliendelea kupiga randa akijisifu kimoyomoyo.

Alijisifu mpaka mchana, alipofika Kavira, mama muuza mboga ya poaro kutoka Masereka. "Maliro, bamemuachilia Jacob?" aliuliza. Kumbe Jacob alikuwa ameteremka naye jana kwenye lori, na gunia la viazi la kumletea dada yake anayejiandaa kwa mtihani. Kwenye kizuizi cha kuingia mjini askari walimshusha wakidai ni Mai-Mai. Alikuwa amewaambia ni mtoto wa Maliro seremala, ndugu wa Kanyere na Kahindo. Ndiyo maana walituma mtu kuuliza.

Randa ilimtoka Maliro mkononi. Alikuwa amemkana mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe.

Alikimbia mpaka kwenye kituo cha askari, nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa kahawa. Komanda, mtu wa mkoa wa Équateur mwenye macho ya usingizi, alimsikiliza akichokonoa meno.

"Asubuhi ulisema huna. Mutaa yote balisema huna. Sasa uko naye. Nani amekutuma kutoa huyu Mai-Mai?"

"Mon commandant, nilisema uongo."

"Na sasa je, unasema nini?"

Maliro maisha yake yote alikuwa amewauliza watu swali hilohilo.

Alipogeuka alimwona Kalala langoni. Kanyere, aliyepata habari zote kwa Kavira, ndiye aliyekimbia kumwita, na alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Hata pale, Maliro aliwaza kwanza kwamba mwalimu amekuja kuchukua malipo yake. Kisha akakumbuka mahali walipo. Mtu wa serikali ya Kinshasa alikuwa ameingia kwa miguu yake kwenye kituo cha waasi.

"Mon commandant," alisema Kalala, "ule kijana alitaja dada yake Kahindo. Uliza askari wako Munande, jina hiyo inapewa nani."

Askari wa lango akajibu kabla hajaulizwa: ni msichana aliyezaliwa nyuma ya wavulana. Komanda akamtazama mtoto.

"Jina yako nani?"

"Godelive."

Komanda akacheka. Akaamuru Jacob aletwe. Alitoka bila viatu, uso umevimba upande mmoja.

"Uko na kaka?" komanda alimuuliza mtoto.

Mtoto alimtazama Jacob, akamtazama baba yake, akajibu kwa sauti safi: "Miye sina kaka."

"Kahindo!" Maliro akamwita. Mtoto hakugeuka. "Kahindo, mutoto wangu, nakuomba!" Mtoto alisimama wima, macho mbele, kama alivyofundishwa, na fahari yote ya kushinda. Maliro akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika mabega. Machozi yalimtoka mbele ya askari, na hakujali.

Ndipo mtoto akamsogelea sikioni, akanong'ona mnong'ono wa kitoto unaosikika ua mzima: "Papa, nikigeuka, hautaninyima muwa?"

Komanda aliacha kuchokonoa meno.

"Kama kaka hayuko, nani atamufundisha mutoto kumukana?" alisema Kalala polepole.

"Kamata kijana wako," komanda alimwambia Maliro. "Na utoke haraka, mbele sijabadilisha mawazo."

Walitoka wote. Kalala alijipangusa jasho, akamwambia Kanyere kwamba kesho wanarudia sosiolojia, mtihani uko karibu, asichelewe. Maliro alitaka kumshukuru, lakini hakujua mtu humwanziaje mtu aliyemdhania mabaya kwa mwaka mzima. Alimshika tu mkono kwa mikono yake miwili.

Jacob alitembea mbele, mbali nao kidogo. Huko ndani alikuwa amesikia askari akirudi asubuhi na kutoa taarifa: seremala amesema hana mtoto wa kiume. Walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, askari mwingine akamsimamisha kijana, akamnyooshea Maliro kidole.

"Huyu ni papa yako?"

Jacob hakumtazama baba yake. "Umuulize yeye," alisema.

Barabara ilikuwa imejaa watu, waliojulikana na wasiojulikana, na yeyote kati yao angeweza kuwa mpelelezi. Maliro aliwaona wote.

"Ni mutoto wangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Mwanaume. Jina yake Jacob. Huyu ni Kanyere, na huyu ni Kahindo, alizaliwa nyuma yake."

Askari alikwisha kuinua mti wa kizuizi na kuwaashiria wapite, lakini Maliro alikuwa bado amesimama palepale, akirudia kuyataja majina ya watoto wake.