Sijambo, Ila

Kwa miaka mingi nyumba yetu ya Mtopanga ilikuwa mahakama ya mataifa tajiri, na hakimu alikuwa mama yangu, muuza mahamri ambaye hakupata kutoka nje ya Kenya hata siku moja.

Kakangu mkubwa alikuwa Marekani. Alikwenda na meli, baharia, na meli ikarudi bila yeye. Dadangu aliolewa Uingereza, akawa anafagia wodi katika hospitali moja ya huko. Mimi kitinda mimba nilibaki na mama na redio-kaseti. Siku hizo simu ilikuwa ya wenye pesa na barua ya wenye subira. Sisi tulitumiana kaseti. Unakaa, unabonyeza vitufe viwili pamoja, unasema mpaka maneno yakuishie, kisha unamtafuta msafiri wa kukuchukulia.

Ugomvi aliuanzisha kaka. Alisema Wamarekani hutumia pesa katika matibabu kuliko taifa lolote chini ya jua. Wana mashine, alisema, ukilala ndani yake daktari anakuona matumbo bila ya kukugusa. Mama alimpelekea dada habari hizo kwa kaseti, hakupunguza neno, na nadhani aliongeza.

"Mwambie," dada akajibu kutoka Uingereza, "kwao wanatumia mara mbili yetu na bado sisi tunaishi miaka mingi kuliko wao. Huku ukiugua hakuna akuulizaye kadi ya bima."

"Mwulize," kaka akarudisha, "yule jirani yake mzee mwenye nyonga mbovu, ameshaitwa?"

Hakuwa ameitwa. Alikuwa kwenye foleni ya kupasuliwa tangu mwaka uliotangulia. "Lakini akiitwa," dada akasema, na sauti yake ilikuwa imeshapanda, "hatauza nyumba!"

Basi ikawa hivyo, kaseti kwa kaseti. Mama alifurahi, wallahi, kuliko mtu aliye harusini. Siku moja, huku akikanda unga, alitoa hukumu: "Kuna mwanamke atia kopo zima la samli, na mahamri yakatoka magumu. Mimi simsifu mtu kwa samli. Nionyeshe hamri."

"Na sisi je, mama?"

"Sisi tuna Mungu," akasema, na unga ukaendelea.

Mama mwenyewe alikuwa na sukari, na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Asubuhi moja nikiwa chumbani navaa, nikasikia harufu. Nilidhani ni hamri limeungua. Nilipotoka uani nilimkuta mama mbele ya jiko, miguu mitupu, amekanyaga kaa la moto kwa kisigino, na midomo yake inaimba kasida.

"Mama! Mguu!"

Akautazama mguu wake kama wa jirani. "Ala! Hili nalo limefika lini hapa?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, kwanza nilicheka.

Tulikuwa na dispensari, na ndiyo kwanza wameanza kututoza pesa ya kadi. "Sasa na sisi ni Amerika," mama akasema alipolifungua pindo la kanga, na foleni nzima ikacheka. Ndani alikuwa nesi mgeni kutoka bara, msichana mpole, mchapakazi, na watu mia mlangoni kwake.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi. Wewe hujambo?"

"Sijambo."

"Wazee hawajambo huko bara?"

"Hawajambo. Haya mama, endelea tu kuosha na maji ya chumvi. Mwingine!"

Na mama akatoka, na vidonge vyake vyeupe kwenye karatasi.

Aliyezaliwa pwani atanielewa. Kwetu sijambo ni mlango tu, nyumba iko ndani. Mtu paa lake limechukuliwa na upepo, ukimwuliza hali atakwambia hajambo, watoto hawajambo, alhamdulillahi, atakuuliza na wewe watu wako mmoja mmoja; kisha, ukiwa umetulia, ndipo atakapokwambia: "Ila paa limeondoka." Shida yote imo kwenye ila. Huyu binti wa watu alisikia sijambo akaiandika kama ilivyo. Kwenye kadi ya mama ilikuwa imeandikwa mara tatu, kwa mwandiko mzuri, kuwa mgonjwa hana malalamiko.

Mara ya tatu nilikwenda naye. Nilipofungua tu mdomo niseme kidonda kinanuka, mama alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Humrukii mtu na balaa kabla ya salamu. Tukafika kwa wazee wa bara, na "Mwingine!" ikatoka.

Wiki hiyo hiyo, kabla ya Ramadhani kuingia, ilifika kaseti ya kaka. Tukaiweka. Akaanza: hajambo, alhamdulillahi, kazi amebadilisha, hajambo. Kisha akaingia kwenye hospitali mpya iliyojengwa karibu na kwake. Lifti zake ni za vioo. Ina bustani juu ya paa. Dada aambiwe. Mimi mbele yangu nina beseni la maji ya chumvi na kisigino cheusi cha mama yangu, na mtu ananieleza habari za lifti! Nikaifunga ile redio kwa kidole mpaka ikaruka mezani.

"Hujamaliza kusikiliza," mama akasema.

"Nimesikia ya kutosha. Apande lifti zake, atuache."

Mguu waliukata mwezi wa Ramadhani, katika hospitali kubwa kule kisiwani, chini kidogo ya goti. Njia nzima ya kurudi, kuvuka daraja mpaka Kisauni, nilikuwa nikimtukana yule nesi. Nilimtukana yeye na kalamu yake. Mtu mzima, nikasema, hawezi kungoja dakika mbili mwenzake amalize salamu? Mama aliuweka mkono juu ya kanga, pale mguu ulipoishia.

Alinikataza kuwaambia walio mbali. Akawarekodia wote wawili: "Sisi hatujambo. Mvua zimenyesha. Mimi siku hizi sitembei sana." Na dada akajibu kwa shangwe: mzee wa nyonga ameitwa, amepasuliwa, anatembea, hakulipa hata senti moja, na kaka ajibu hilo kama ana jawabu.

Kaka hakujibu. Tulidhani ameshindwa.

Idi ya pili, ile ya kuchinja, ilikuwa imekaribia. Mama yuko kitandani, alasiri, joto, hana la kufanya na mikono yake. "Ndoo hapa," akaniita.

"Abee, mama."

"Niwekee kaseti ya kakako. Ile ya lifti."

Nikaiweka, kwa kumridhisha tu. Zikaja lifti, ikaja bustani. Kaka akaaga, wasalamu. Nikanyoosha mkono nifunge, mama akanishika kifundo.

"Wacha."

Utepe ukaendelea mtupu. Tukasikia gari linapita huko Marekani. Tukasikia kiti kikiburutwa. Halafu sauti yake, chini, karibu kabisa na mashine:

"Ila, mama."

Alisema na yeye ana sukari, huu mwaka wa pili. Kazi mpya haina bima, na dawa hakuna aiwezaye bila bima. Anaigawa, sindano ya siku moja anaifanya siku mbili. Kidole cha mguu hakisikii kitu. "Nimewaza wewe hufanyaje, mama, ukiwa hivi. Niambie. Dada usimwambie, nitamsikia akicheka mpaka huku." Kisha tiki, akafunga.

Niliogopa kumtazama mama.

"Kaseti hii ina muda gani humu ndani?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Akanyoosha shuka palipokuwa patupu. Hakupandisha sauti.

"Na wewe mwanangu ukaita, 'Mwingine!'"

Nikalia kwa kite, nimeinamia kile kitanda. Mama alinipapasa kichwa, akaningoja, kisha akataka kaseti mpya ya kumpelekea kaka. Nikaitia, nikabonyeza vitufe viwili, nikakaa kungoja bismillahi na salamu na mvua. Mama yangu hajapata kumsemesha hata paka bila ya kumwuliza hali.

Akaisogelea mashine.

"Mimi wamenikata mguu, baba," akasema. "Sasa sema wewe."