Bibi na Kitabu cha Mmarekani Mweusi

Juzi nilimkuta binti yangu, anayesoma chuo kikuu, ameinamia kitabu cha Mmarekani mweusi wa zamani, ambaye mababu zake walikuwa watumwa. Nilikijua kitabu kile kabla sijajua kusoma.

Baba alikuja nacho Ibra, Omani, kutoka Unguja. Alasiri moja aliwasomea jamaa zake waliokuja kututembelea, akiwafasiria kwa Kiarabu: huko Marekani mtu mweusi hulazimika kujitazama kwa macho ya wanaomdharau. Chumba kilinukia ubani na kahawa yenye iliki. "Miskin," walisema wageni, wakitikisa vichwa.

Nami niliingiwa na huzuni, nikakimbilia jikoni kwa Bibi, mama yake mama, mweusi kuliko sote nyumbani. Wageni wakija, yeye hukaa huko. Kahawa waliyokuwa wakinywa ameipika yeye.

"Bibi, njoo usikilize! Kuna watu Marekani wanaonewa."

Alikuwa akipuliza moto, macho mekundu kwa moshi.

"Nenda zako, mwanangu. Mie napenda huku, kuna ubaridi."

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, nami nikamwamini. Nilidhani wazee hawasikii joto.

Binti yangu aliniuliza kama babu yake alikielewa kitabu kile. Nikakumbuka Baba alivyonyamaza ghafla katikati ya kusoma, akainuka, akaja taratibu kuufunga mlango wa jikoni, bila ya kututazama.

Siku ile nilidhani anazuia moshi.