Pombe Iliyochemka Sikioni mwa Rwegoshora

Katika kijiji kizima cha Ndama, aliyejua pombe ni Rwegoshora. Wengine walionja, yeye alisikiliza. Ndizi zikishakanyagwa, maji yake yakatiwa mtama uliosagwa na mtumbwi wa mti wa kuchachushia pombe ukafunikwa majani ya mgomba, aliinama na kubandika sikio kwenye ubao. Pombe inayochachuka hunguruma taratibu. Akiinuka na kusema, "Tayari," hakuna aliyebisha.

Kisha akaenda Kyerwa kwenye machimbo ya bati, akapasua miamba kwa baruti miaka mingi. Aliporudi, mwaka hamsini na mbili, alirudi na baiskeli, blanketi na kelele. Kelele hiyo hakujua ameiokota wapi. Alitafuta nyuki darini, akawatafuta migombani, akawakosa.

"Mama Gosbert, huwasikii nyuki?" alimwuliza mkewe, Stephania.

"Nyuki gani, Baba Gosbert? Nimekuita ule mpaka koo limekauka, hukusikia. Nyuki ndio unawasikia?"

Hapo akachanganyikiwa kweli. Mtu atakosaje kusikia kilichopo, akasikia kisichokuwapo? Akasema ni uchovu, akaenda kula.

Mwanawe wa pekee, Gosbert, akapata mchumba katika kijiji cha Bugene, jina lake Placidia. Pombe ya posa ilikuwa kazi ya baba, na kumpelekea mkwe pombe changa ni kumwambia yeye bado mtoto. Rwegoshora akabandika sikio. Mtumbwi ulinguruma vizuri mno! "Tayari," akasema, kifua mbele.

Melkiory, baba yake Placidia, alivuta funda moja kwa mrija, akautoa mdomoni. "Rwegoshora, hii ni juisi ya ndizi. Wanangu wote wameshaacha kunyonya."

Watu wakacheka, na kilikuwa kicheko kibaya. Wakarudishwa na vibuyu vyao, wakaambiwa wana nafasi moja tu iliyobaki. Gosbert hakumsemesha baba yake njia nzima, au labda alimsemesha. Rwegoshora hakuwa na hakika.

Aibu ndiyo iliyompeleka kwenye zahanati ya misheni. Mganga msaidizi, kijana aitwaye Desderius, alimmulika masikioni kwa muda mrefu.

"Mzee, ngoma ya sikio ni nzima. Ubovu uko ndani zaidi. Huko kuna kitu kilichojiviringa kama gamba la konokono. Kina maji, na ndani ya maji mna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Baruti imeviua, na vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia. Havioti tena."

"Na kelele hii anaipiga nani?"

"Hata mabingwa hawana hakika, mzee. Huenda kichwa kikikosa sauti hujitungia yake."

"Basi mtoe huyo konokono."

Desderius akaeleza upya, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kupotea. Konokono, maji, nywele, kichwa kinachomdanganya mwenyewe! Aliondoka na neno moja tu: sikio lake si la kuaminiwa tena.

Baba yake alimfunza kwamba mwanamke hasogelei mtumbwi wa pombe. Safari ya pili alimwita Stephania, akamwambia abandike sikio.

"Bado," Stephania akasema. Jioni akasema, "Bado." Kesho yake akatabasamu: "Sasa."

Rwegoshora naye alisikiliza kila mara. Kwake ilikuwa sauti ileile, tangu ndizi zilipokanyagwa. Iliuma. Alikwenda Bugene na pombe ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Melkiory akavuta funda, akafumba macho, akasema jambo kwa sauti ya chini. Mara wanawake wote uani wakafumbua vinywa, ndimi zikicheza, na Rwegoshora hakusikia kitu ila ule mngurumo kichwani. Wanamzomea? Wanalia? Akaishika fimbo yake, akainuka, akaanza kuomba radhi mbele ya watu wote: kosa ni lake, la sikio lake, kijana hana hatia, wasimnyime mke kwa ajili ya baba yake.

Stephania akamvuta kanzu, akasogeza mdomo mpaka sikioni mwake.

"Kaa, Baba Gosbert. Ni vigelegele."