Pengo la Jina

Wimbo wa wamama wa mtaa wa Huruma una pengo moja, na pengo hilo ni la jina. Anayeongoza huimba, "Aliyetukumbuka sisi ni," anatia jina la mgeni wa siku hiyo, na wamama wote wanapokea, "Ndiye huyo, ndiye huyo." Wageni wamekuja na kwenda, kila mmoja na ahadi yake ya paa la soko. Wimbo ni ule ule, paa halijaja, na mvua ya Eldoret haibembelezwi.

Nangila hakupewa kuongoza kwa sababu ya sauti tu. Kikundi kilizaliwa baada ya zile fujo za uchaguzi, wamama wa Kikalenjin na wa Kikuyu walipokubaliana kuimba pamoja, wakaweka sharti: anayeongoza asiwe wa huku wala wa kule. Nangila ni Mbukusu, anauza mboga za managu, na ana mtoto mchanga mgongoni. Akawafaa.

Mwaka huu maombi ya amani yakaalika wawili wanaogombea kiti cha wadi: Kipyego, Mkalenjin anayekikalia, na Macharia, Mkikuyu anayekitaka. Wageni wawili, pengo moja.

Jepkemboi, mmoja wa wamama wa Kikalenjin, alitangulia kufika kwa Nangila, na maziwa ya mtoto. Aliuliza habari za biashara, akasifu managu, kisha akasema polepole, "Ukiita jina la Macharia, sisi hatupokei. Utaimba peke yako."

Jioni akaja Mama Muthoni, wa upande wa Kikuyu, na sweta ndogo aliyoifuma mwenyewe. Naye alizunguka weee, hatimaye akafika pale pale: wakisikia la Kipyego, watu wake watanyamaza. "Nakupenda, Nangila. Lakini siku hiyo uchague."

Nangila alijaribu kuyaimba majina yote mawili akimwosha mtoto. Lililotangulia lilisikika kama la bwana, lililofuata kama la mtumishi wake. Akayageuza. Ikawa vile vile.

Kilichomnyima raha ni kile kimya. Mwaka wa fujo alikuwa darasa la tatu, na anakumbuka kwamba kwenye ploti yao moto haukuanza kwanza. Kwanza majirani waliacha kuitikiana salamu. Mtu anapiga hodi, ndani watu wapo, na hakuna anayejibu.

Siku ikafika. Wagombea waliketi benchi moja, askofu katikati yao kama ukuta. Wamama, ambao siku zote husimama wamechanganyika, walikuwa mafungu mawili. Nangila akaanza. "Aliyetukumbuka sisi ni..."

Akafunga mdomo.

Kayamba zikaendelea. Jepkemboi alikuwa ameshabana midomo tayari kukataa, na sasa hakuna jina la kukataa. Mtoto akajigeuza mgongoni. Nangila akahesabu kwamba kikundi kimekwisha hapo hapo, mbele ya watu wote.

Ndipo Mama Muthoni, kwa mazoea ya miaka, akaponyokwa na kiitikio: "Ndiye huyo..." Na Jepkemboi, asiyekubali Muthoni asikike peke yake, akapaza sauti yake juu zaidi. Wengine wakafuata. Wakampokea mtu ambaye hakuitwa.

"Wanamwitikia nani?" mwanamume mmoja akauliza.

"Hajafika," akajibiwa. "Bado hajatukumbuka."

Kicheko kikaenea uwanja mzima. Macharia alikuwa ameanza kupiga makofi, akayaacha njiani. Kipyego akainama kufunga kamba za viatu.

Wamama hawakuitwa kwenye hema la chakula. Walirudi kwa miguu, Nangila nyuma. Penye njia ya soko Jepkemboi akasimama, akamngoja. Nangila akajua anafukuzwa.

"Mazoezi ni Jumanne," Jepkemboi akasema. "Na hilo pengo ulijaze. Mimi siwezi kuwa napokea hewa."

"Wacha likae hivyo," Mama Muthoni akasema. "Kwani si wewe ulipokea hiyo hewa kutushinda wote?"

"Nilikuwa nakufunika. Ulitoka nje ya sauti."

"Mimi?"

Wakashika njia ya soko bega kwa bega, wakigombana. Nangila akawafuata, akisikiliza namna kila neno la mmoja lilivyopata jibu.