Mota Iliyozunguka Kushoto

Ndugu yangu mkubwa alisomea uinjinia miaka mitano bila kushika spana. Simtukani, ndio vile ilikuwa. Alikuwa anasoma mtandaoni, chuo cha ng'ambo ambacho hajawahi kukanyaga, amekaa kwa chumba yake Ruiru, na kila kitu alikuwa anaunganisha kwa skrini tu. Akikosea anabonyeza, inaanza upya. Mimi nikikosea kwa kazi yangu, nywele za mkono zinaungua.

Kazi yangu ni kusuka mota. Mota ya posho mill, ile ya kusaga unga, ikiungua, ama ya pampu ya kisima, inaletwa kwa karakana yetu hapa Thika. Tunatoa waya ya kopa ya zamani, tunasuka mpya, tunapaka vanishi, inaenda. Niliianza nikitoka darasa la nane. Niliambiwa ningoje kidogo huyu mkubwa amalize shule, halafu zamu yangu ifike. Bado nangoja.

Kwa hivyo hatupendani sana. Nasema mapema ndio usikae hapo ukitafuta mahali tutakumbatiana.

Mchana ndugu yangu alikuwa anafanya kazi kwa stoo ya kiwanda fulani huko Ruiru, na mkubwa wake alikuwa amemwambia akileta digrii watamtoa kwa makatoni wampeleke matengenezo. Basi digrii ikawa kila kitu. Jumapili tukienda kwa Maitu, mama yetu, huko kijijini Gatuanyaga, yeye alikuwa anaingia kanisa na earphone kwa sikio moja, lekcha inaendelea. Pasta akisema tumwombee mgonjwa, huyu anatabasamu. Labda lekcha imefika kwa transfoma. Tukitoka, Maitu anatuonyesha kwa wamama wa kanisa.

"Huyu ndio injinia."

"Na huyu?"

"Huyu ni ule mwingine."

Mimi ndio ule mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa ananiita "fundi," na vile alikuwa analisema, ungefikiri anafukuza paka kwa jikoni. Siku moja alininyang'anya tesita kwa mkono anieleze volti ni nini. Aliishika juu chini. Nikamwacha aeleze hadi mwisho.

Mwaka wa mwisho chuo ikataka praktiko ya ukweli. Uunganishe mota ya fezi tatu, uiwashe, izunguke kulia, ueleze kila hatua, na yote urekodi video: mikono ionekane, sauti isikike. Kwanza alijaribu kufanya mazoezi kwa chumba yake na waya za pasi. Akazimia ploti nzima stima. Keateka wa ploti akamwambia akirudia atafute nyumba ingine. Hapo ndio alikumbuka ako na ndugu.

Alikuja karakana Jumamosi mchana, laptop kwa begi, viatu zinang'aa.

"Fundi," akasema. Hata salamu hakuna.

"Injinia. Umepotea? Maprofesa wako chuo kikuu Juja, shuka hapo chini."

"Niko na praktiko. Nataka unisaidie."

"Nikusaidie aje?"

"Wewe unaunganisha, mimi naeleza. Camera inaangalia meza tu."

"Yaani mimi ni mikono, wewe ni mdomo."

"Usiifanye ikae vibaya."

"Mimi sijaifanya kitu. Imekuja ikiwa imekaa hivyo."

Mdosi wetu, mwenye karakana, ni mzee mmoja ana miwani imefungwa na waya ya kopa. Alisikiza hiyo maneno yote, akasema mota iko, meza iko, bora tusichome kitu. Kwa hivyo nikakubali. Kusema ukweli nilikuwa nimekubali na roho safi. Nikatafuta mota nzuri, nikaipanguza, nikafunga kitambaa nyekundu kwa shafti vile chuo ilisema, ndio waone inazunguka upande gani.

Halafu ndugu yangu akaangalia mikono yangu kwa skrini ya simu, akakunja uso.

"Enda uoshe hizo kwanza. Zinaonekana za mtu hajasoma."

Nilienda. Niliosha na petroli, nikaosha na sabuni, nikasugua hadi kwa kucha. Na nikiosha nikaamua.

Mota ya fezi tatu inaingiwa na waya tatu. Ukibadilisha mbili, zozote mbili, inazunguka upande ule mwingine. Hiyo ndio kitu ya kwanza nilifundishwa hapa, kabla hata nionyeshwe choo. Mtoto wa karakana anaijua. Nikarudi kwa meza na mikono safi ya mtu amesoma, nikabadilisha mbili.

Yeye alikuwa amesimama nyuma ya simu anasoma kwa karatasi. Kizungu ilikuwa tamu, hiyo siwezi kataa. Nikawasha. Mota ikanguruma, kitambaa kikapepea, nikazima, na venye inapunguza kasi kila mtu angeona inaenda kushoto. Kila mtu isipokuwa mwenye kusoma karatasi.

"Kama mnavyoona," akasema kwa sauti ya habari za saa moja, "inazunguka kulia."

Mdosi aliniangalia juu ya miwani. Akachukua kikombe yake akaenda kutafuta chai.

Wiki mbili zikapita. Nilikuwa nacheka peke yangu nikioga. Halafu siku moja ya kazi, saa sita, ndugu yangu akaingia karakana na koti ya stoo bado iko mwilini. Hakuniita fundi. Aliniwekea simu mbele ya uso.

"Soma."

"Iko kwa Kizungu."

"Najua unaweza soma, usijifanye."

Niliweza kidogo. Mwalimu wake alikuwa ameandika mambo mawili. La kwanza, mota inazunguka kushoto na mwanafunzi anasema kulia. La pili ndio lilikuwa kali. Alisema kwa hii video mikono inajua kitu ambayo mdomo haijui. Kwa hivyo praktiko imekataliwa. Atarudia mara moja tu, moja kwa moja kwa camera, uso na mikono zionekane pamoja. Akianguka hakuna digrii, anarudia mwaka mzima. Na kile kiwanda hakikuwa kinamngojea mwaka mzima. Kulikuwa na mtu mwingine anaangaliwa kwa hiyo nafasi.

"Ulifanya makusudi," akasema.

"Ndio."

Nafikiri alikuwa amejitayarisha nikatae. Akanisukuma na mikono mbili nikaanguka kwa marundo ya mota mbovu. Niliinuka nikamshika koti. Tulivutana hapo kama watoto wanapigania baiskeli, hadi mdosi akatupigia kelele kwa Kikuyu, maneno ambayo siwezi andika hapa, mengine yalikuwa ya mama yetu na hana makosa.

"Miaka tano," ndugu yangu akasema, anahema. "Miaka tano, wewe mjinga."

"Miaka tano na hujui kushoto."

Mdosi akamaliza hiyo kesi mara moja. Hapa hakuna mikono ya kukopesha. Huyu akitaka mota, aje Jumamosi ajifunze na mikono yake. Na mwenye kumfunza ni mimi, kwa sababu mimi ndio nilimharibia.

Nilikubali kwa sababu moja. Ilikuwa Jumamosi nne za kumtukana mtu na yeye hawezi jibu.

Na nilimtukana. Nilimwambia anashika bisibisi kama mtu anapewa Ushirika Mtakatifu. Nilimwambia hata zile mbuzi za Maitu zingekuwa zimeelewa. Nilimfanya aunganishe, nikatoa, aunganishe tena. Alikuwa ananuna, mishipa ya shingo imesimama, lakini anarudia. Wiki ya pili akajikata kidole. Akakifunga na tepu ya waya akaendelea, na hiyo iliniudhi, kwa sababu nilitaka alie. Wiki ya tatu nikamsikia anajiongelesha, anataja kila waya inatoka wapi inaenda wapi, na hakuwa na karatasi. Saa zingine nikimpa swali la kumkomesha alikuwa anarudisha jibu limejaa hesabu, na jibu ni la ukweli, na mimi sikuwa najua kwa nini huwa inakuwa hivyo. Nilijua tu huwa inakuwa hivyo. Sikumwambia.

"Umenyamaza," akasema.

"Nafikiria vile utaanguka."

Siku ya mtihani mdosi alifunga karakana mchana wote, kitu hajawahi fanya hata akifiwa. Ndugu yangu akaweka laptop juu ya debe, simu upande ule mwingine, mota katikati. Alikuwa amekatazwa kuwa na mtu ndani. Mimi nikakaa chini nyuma ya yale marundo, magoti kwa kidevu, kwa sababu hakuna mtu angenitoa hapo hata na trekta. Kati ya mota mbili nilikuwa naona meza na nusu ya uso wake.

Mwalimu akatokea. Alikuwa mama mzee, nywele nyeupe, kabati ya vitabu nyuma yake. Anaongea polepole, kwa heshima, vile daktari huongea kabla akudunge sindano. Akamwambia aanze.

Ndugu yangu akaanza. Aliunganisha akieleza, na kwa mara ya kwanza mdomo na mikono zilikuwa zinaenda mahali pamoja. Akafunga kisanduku. Akasema sasa nawasha. Akawasha.

Mota ikalia. Haikuzunguka. Iliguna tu, ule mguno wa chini unausikia hadi kwa meno, kitambaa nyekundu kimelala.

Mimi nilijua papo hapo. Fezi moja haijafika. Waya moja imelegea mahali, na ukiiacha hivyo dakika chache, kopa inaungua, harufu inatoka, mtihani umeisha. Nilikuwa na neno moja tu kwa ulimi, "zima." Hata singelisema, ningekohoa. Sikukohoa. Sijasema mimi ni mtu mzuri. Nilikaa hapo nikangoja nione.

Kabla ya kitu kingine ndugu yangu aligeuza kichwa akaangalia pale niko, nyuma ya marundo. Sijawahi angaliwa hivyo na mtu wa damu yangu. Aliamini ni mimi nimemharibia tena.

"Kuna mtu hapo ndani na wewe?" mwalimu akauliza.

"Hapana," akasema. "Hakuna mtu."

Halafu akazima. Hakukimbia kuwasha tena, na hapo ndio wanafunzi wote huanguka. Alisimama mkono hewani, akiangalia mota, na akaanza kuongea. Akasema inaguna bila kuzunguka, kwa hivyo imekosa fezi moja. Akaeleza kwa nini fezi mbili haziwezi kuisukuma ianze, ile sababu yenyewe ambayo mimi miaka yote nimekuwa nikifanya bila kuijua. Akapima fezi zote tatu kwa swichi na tesita, ziko. Akazima kila kitu, akafungua kisanduku, akavuta waya moja moja na vidole. Ya tatu ikatoka mkononi bure. Skru haikuwa imekazwa. Akaikaza, akavuta tena, akafunga, akawasha.

Ikazunguka kulia.

Mama wa nywele nyeupe akaandika kitu. Akasema hiyo hitilafu haikuwa kwa mtihani, lakini atampa maksi kwa sababu ya vile ameitafuta. Nikiwa hapo chini mguu umekufa ganzi nilikasirika sana, na sikujua ni nani nimekasirikia.

Laptop ikafungwa. Nikatoka.

"Mara ya pili," akasema. Sauti ilikuwa chini.

"Mara ya pili nini?"

"Ile skru."

"Sijagusa."

"Ulifikiri sitaijua."

"Nakwambia sijagusa hiyo kitu. Ni wewe hukukaza."

Akacheka, ile kicheko ya pua. Akaweka laptop kwa begi akaenda. Hakusema asante kwa mdosi, kwangu ndio kabisa.

Digrii ikatoka. Kiwanda kikampeleka matengenezo. Siku ya sherehe ya kuhitimu wenzake walivaa kofia huko ng'ambo na yeye alikuwa Gatuanyaga, joho la kukodisha, laptop juu ya kiti uani, majirani wameinama wasome jina lake likipita. Lilipita haraka sana, wengine wakasema hawajaona, ikabidi irudishwe. Halafu nyama ikaletwa. Maitu alikuwa amechinja mbuzi wawili.

Hapo katikati ya kula ndugu yangu akaanza hadithi. Vile kwa mtihani wa mwisho, fundi huyu, ndugu yake wa tumbo moja, alimlegezea skru kwa siri ili aanguke, na vile yeye aliisikia tu mota ikilia akajua ugonjwa. Watu walicheka hadi mzee mmoja akapaliwa. Ile video ya kwanza hakuitaja. Hangeweza. Angesema mikono ilikuwa ya nani?

Maitu hakucheka. Aliweka kisu chini akaniangalia.

"Ni ukweli? Ulimfanyia ndugu yako hivyo?"

Wote wakanigeukia. Ndugu yangu ameshika mfupa, ananiangalia pia. Kama ningekataa, angeapa ni mimi, na ningebaki na ile video ya kwanza tu ya kujitetea nayo, ile niliharibu kweli na mikono yangu, na hiyo ingemtoa joho mbele ya wanakijiji wote. Nilihesabu haraka. Moja sikufanya, moja nilifanya.

"Ni ukweli," nikasema.

Maitu akainama, akachukua nyama yote ya mbavu kwa sahani yangu, akaiweka kwa ya injinia. Naye akaila, polepole, akiniangalia, hadi ikabaki mfupa.